Fataki imetoboka kwenye ganda la shotigani: unaanza kuangalia wapi

Hili swali linarudi kila wakati na kila mtu anakuja nalo kivyake. Mlinzi wa mwaloni Kirumba kapiga usiku kufukuza wezi wa injini za boti, asubuhi anaokota ganda anakuta katikati ya fataki, kile kitufe cha kuwashia kwenye kitako cha risasi, kuna katundu. Mzee wa upande wa Sengerema, yule wa mitutu miwili anayehangaika na nguruwe pori kwenye mihogo, anasema siku hizi ikilia kuna kitu cha moto kinamrukia shavuni. Halafu wapo ndugu zetu wa Marekani na Afrika Kusini wanaojaza maganda wenyewe, wao wanatuma picha tu, "kaka hii ni baruti imezidi au nini?"

Tuwekane sawa kwanza. Hapa kwetu kutengeneza au kujaza risasi nyumbani bila kibali ni kosa, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haina utani kwenye hilo, kwa hiyo nikisema "kujaza" hapa chini naongea na waliopo kwenye nchi zinazoruhusu au mwenye kibali mkononi. Wewe wa Buzuruga na risasi zako za boksi bado soma, kwa sababu tundu ni lilelile na mara nyingi chanzo chake wala hakiko kwenye risasi.

Na hapo ndipo watu wanapopotea. Wanatoka kwenye raifo na akili ya raifo, wakiona fataki imetoboka wanasema presha. Sasa angalia, .308 kikomo chake kwa vipimo vya SAAMI, chombo cha Marekani kinachoweka viwango vya silaha na risasi, ni psi 62,000 (pauni kwa inchi ya mraba), shotigani ya geji 12 ya kawaida ni psi 11,500 tu, hata moja ya tano haifiki. Kwa presha ndogo hivyo fataki haikusomei mambo kama inavyofanya kwenye raifo. Tundu likitokea kwenye shotigani mimi naanza na pini, kile kijiti cha chuma kinachogonga fataki, baruti baadaye. Lakini kuna upande wa pili na huo ndio unaoumiza watu, fataki ikiwa nzuri kabisa, mviringo wake safi, hiyo siyo ushahidi kwamba presha iko sawa, unaweza kuwa umepita kikomo mbali sana na ganda likakaa kimya.

Kabla hujagusa chochote

Toa risasi zote, fungua, chungulia chemba kwa macho na kidole, kwenye pampu angalia na bomba la risasi chini. Maganda yaliyotoboka usitupe, chukua maka peni andika limetoka mtutu upi na boksi lipi, bila hivyo tutapiga ramli tu. Miwani ya macho vaa kila unapopiga, hata kama wenzako wanakucheka, maana gesi inayopita kwenye tundu la fataki inarudi nyuma kupitia tundu la pini na huko nyuma ndiko uso wako ulipo. Bunduki za zamani zenye nyundo za nje ndiyo mbaya zaidi kwa hilo.

DALILI YA 1: Katundu kadogo katikati ya alama ya pini, mengine yote kawaida

Ndiyo inayoripotiwa kuliko zote. Mlio wa kawaida, teke la kawaida, bunduki inafunguka vizuri, ila fataki ina tundu kama la sindano na masizi kidogo kuizunguka.

Fataki ya shotigani, ile namba 209, ni kibakuli chembamba cha chuma ndani ya kikombe, na humo ndani kuna fuawe. Pini inabonyeza kibakuli, dawa inabanwa kati yake na fuawe, inawaka, moto unatoka mbele kwenda kwenye baruti. Chuma cha kibakuli kinatakiwa kivutike bila kuchanika. Kikichanika, ama kilichokibonyeza kina makali, ama kimeingia ndani sana, ama chuma chenyewe ni laini. Nafuata mpangilio huohuo.

Ncha ya pini imeharibika. Hii ndiyo namba moja na ina tabia ya kujizalia matatizo, maana fataki ya kwanza ikitoboka, hata kama ilikuwa bahati mbaya tu ya risasi moja, gesi ya moto inapiga moja kwa moja kwenye ncha na kuila, inaacha kishimo chenye ukingo mkali, basi ule ukingo unatoboa fataki inayofuata, ambayo nayo inaila ncha zaidi, na ukiendelea kupiga kila boksi linakuwa na matundu mengi kuliko lililopita. Ukipima leo unaona baruti iko sawa, risasi ziko sawa, na bado zinatoboka, unachanganyikiwa bure.

Cheki yake ni ya bei rahisi. Bunduki tupu, chukua kijiti cha pamba ya masikio, zungusha taratibu kwenye ncha ya pini. Kwenye pampu nyingi na mitutu miwili itabidi pini isukumwe mbele ndiyo uione, kama hujui kuifikia bila kufungua mtambo iache kama ilivyo. Nyuzi za pamba zikinasa, ncha ina makali. Kisha piga picha kwa simu, vuta karibu. Ncha nzima ni mviringo laini unaong'aa sawasawa, ncha mbovu utaona doa jeusi lenye vishimo, au upande mmoja umekuwa bapa kama msumari uliogongwa pembeni. Mara nyingi kishimo kinakaa upande mmoja na ukilinganisha na ganda unaona tundu la fataki nalo liko upande huohuo, hapo hakuna haja ya mjadala tena.

Tiba ni pini mpya. Kuna mafundi wanasugua ncha kwa msasa, na kwa doa dogo fundi anayejua anaweza kuipolishi ikarudi mviringo, lakini ukisugua unaipunguza urefu, ukizidisha inaanza kugoma kuwasha. Wewe mwenyewe na kipande cha msasa cha dukani, hapana.

Pini imetoka mbele kupita kiasi. Hii naikuta sana kwenye bunduki zilizowahi kutengenezwa. Pini ya kiwandani ilivunjika, fundi akachonga nyingine kwa chuma alichokuwa nacho, akaiacha ndefu kidogo "ili ipige vizuri". Alama kwenye fataki inakuwa ya kina kirefu kama shimo la bao, tofauti na ganda la bunduki nyingine. Ukiweza kupata ganda lililopigwa na bunduki ya aina ileile yaweke pamoja ulinganishe. Kupima urefu wenyewe kunataka kipimo cha kina na data ya mtengenezaji, kazi ya fundi.

Uchafu na kutu kwenye njia ya pini. Kwetu huku kando ya ziwa hii siyo ya kudharau. Masika inaanza Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba, na katikati hapo bado kuna umande na unyevu wa ziwa, bunduki inakaa kibandani kwa mlinzi, inafutwa kwa nje tu inang'aa, ndani kumeota kutu. Wengine wanaimiminia oili ya injini au grisi, inashika vumbi, inageuka gundi. Pini haitembei sawa, siku nyingine inakwama mbele kabisa na risasi inayofungiwa inakuta ncha imeshatoka nje, hiyo nitaigusa tena chini. Safisha, kausha, mafuta mepesi kama ya cherehani, tone moja, basi.

Fataki zenyewe ni laini. Watengenezaji hawafanani ugumu wa kibakuli, na hata aina moja inaweza kubadilika toleo kwa toleo. Cheki ni kupiga risasi za boksi za aina nyingine kwenye bunduki ileile. Zikikaa safi na pini ni nzima, basi ni toleo la fataki, andika namba ya toleo, weka pembeni. Zikitoboka na hizo, rudi kwenye bunduki. Angalizo: usifanye kinyume chake, yaani kuchukua risasi ulizojaza mwenyewe na unazozitilia shaka ukazijaribu kwenye bunduki ya rafiki.

Mtutu mmoja tu ndiyo unatoboa? Mitutu miwili ina pini mbili. Kama maganda yote mabaya yameandikwa "kulia", risasi hazina kosa.

DALILI YA 2: Masizi kuizunguka fataki pembeni, katikati hakuna tundu

Watu wanaiita kutoboka, siyo. Hapa gesi imepita kati ya fataki na kitako cha ganda. Kwa wanaojaza, sababu ni moja karibu kila mara, nyumba ya fataki imepanuka. Ganda limejazwa mara nyingi mno, au liliwahi kuwekewa fataki za kampuni ya Cheddite ambazo ni nene kidogo kuliko nyingi za Marekani, kisha ukarudi kwenye nyembamba, inaingia bila kupiga kelele. Fataki inayosukumika kwa kidole gumba ganda lake halina maisha tena, likate kwa kisu katikati ili usije ukaliokota kesho kwa ubahili.

Kwa risasi za boksi, masizi ya pembeni ni ya zile zilizolala kwenye unyevu, kitako kimeota kutu au ukijani. Usizipige. Usizichokonoe pia.

DALILI YA 3: Tundu, pamoja na teke kubwa, fataki bapa, bunduki ngumu kufunguka

SIMAMA. Hii siyo ya kujaribu nyingine moja "kuhakikisha". Weka chini, toa zote, boksi lote linafungiwa.

Nilisema presha siyo mtuhumiwa wa kwanza, lakini akionekana na hawa wenzake ni yeye. Kitako cha ganda kimevimba, maandishi ya kwenye kitako yamefifia, ganda limechanika kwenye shingo ya shaba, mpasuko umeanzia hapo. Yanayosababisha kwa waliojaza:

Wamebadilisha kitu kimoja kwenye resipi, yaani ule mchanganyiko wa kujazia uliopangwa kwenye jedwali. Mtu hana fataki iliyoandikwa kwenye jedwali, anaweka nyingine, "si zote ni 209". Namba hiyo ni ya umbo, haisemi moto kiasi gani. Kubadili fataki peke yake, baruti ileile, kikombe kilekile cha plastiki kinachobeba marisau (zile punje), ganda lilelile, kunaweza kuongeza zaidi ya psi 1,000, na kwa kitu chenye kikomo cha psi 11,500 kilichokuwa tayari karibu na juu, umeshavuka. Fataki ya Federal 209A inajulikana kwa ukali, data iliyoandikwa kwa fataki pole usiiwekee hiyo. Kikombe cha plastiki vilevile, na ganda vilevile, lile la ndani lililonyooka na lile linalopungua kuelekea chini ujazo wake siyo mmoja hata kama kwa nje mapacha. Na marisau ya chuma kwenye data ya marisau ya madini ya risasi, hilo halina maelezo, usifanye.

Kipimo cha baruti. Mashine za kujazia nyingi zinatumia kijiviringo chenye namba kinachopima baruti, na jedwali linasema namba fulani inatoa uzito fulani, watu wanaliamini kama msahafu. Jedwali linakadiria. Mkono wako ukitikisa mashine kwa nguvu baruti inajipanga na kuzidi, ukienda pole inapungua. Pima kwenye mizani iliyohakikiwa, pima kadhaa ukiwa kwenye mwendo wako wa kawaida wa kujaza, siyo ile moja ya mwanzo uliyoifanya kwa adabu. Chupa ya baruti isiyo na lebo siyo baruti yako tena, hata kama "unaijua kwa rangi".

Na hii hapa ni yetu wote, hata wa risasi za boksi: urefu wa chemba. Kuna bunduki za zamani za Kiingereza za mitutu miwili, zimerithiwa tangu enzi za babu, chemba yake ni milimita 65. Risasi za siku hizi ni za 70, nyingine 76. Tatizo ni kwamba risasi ya 76 ikiwa bado imekunjwa mdomo ni fupi, inaingia kwenye chemba ya 70 bila kugusa popote, bunduki inafunga "ta!" kama kawaida, mtu anaona imekubali. Ikipigwa ule mdomo unafunguka hauna pa kwenda, unaingia kwenye koo la mtutu na kuubana, presha inapanda. Soma kilichoandikwa chini ya mtutu, pale panapofunikwa na mbao, na kama hakuna maandishi au ni ya enzi za baruti nyeusi, usikisie, ipimwe.

Mwisho kwenye hili, joto. Boksi lililoshinda kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani halina presha ileile ya lililokuwa kivulini. Peke yake siyo kawaida lifanye maajabu, lakini kwa resipi iliyokuwa ukingoni linatosha.

DALILI YA 4: Bunduki ya mitutu miwili haitaki kufunguka, alama ya pini imevutwa kama mkwaruzo

Pini imekwama ndani ya fataki, hairudi. Unapokunja mtutu inachana chuma, ndipo tundu linapopatikana, yaani limetokea baada ya mlio siyo wakati wake, ndiyo maana tundu linakuwa refu badala ya duara na masizi ni kidogo au hakuna. Uchafu kwanza, springi ya kurudisha pini pili, pini iliyopinda tatu. Kuna bunduki zimetengenezwa bila springi hiyo kabisa, zinategemea nyundo kurudi, hizo uchafu kidogo tu zinasumbua. Usifungue kwa kugonga goti. Nimeona mtu anafanya hivyo na mtutu wa pili bado una risasi!

DALILI YA 5: Leo inagoma kuwaka, kesho inatoboa

Inaonekana kama vitu viwili vinavyopingana. Kawaida ni chemba iliyolegea nyuma, risasi ina nafasi ya kucheza. Pini ikiikuta iko mbele, inaigusa juujuu tu, inagoma. Ikiwaka, risasi inarudi nyuma kwa kishindo juu ya ncha ambayo bado imetoka. Tikisa bunduki tupu ikiwa imefungwa, mitutu miwili iliyochoka unasikia ka, ka, ka kwenye bawaba. Springi ya nyundo iliyochoka nayo inaleta mchanganyiko kama huu, haina nguvu ya kushikilia pini wakati fataki inasukuma.

Kwa waliojaza, pitisha kidole kwenye kitako cha kila risasi. Fataki ikiwa imesimama juu ya usawa, hata kidogo tu, tenga. Hiyo ndiyo inayoweza kulia wakati unafunga, bila kugusa traiga, hasa kwenye pampu na otomatiki yenye pini iliyokwama mbele kama nilivyosema. Na usijaribu kuisukuma ikae chini wakati baruti imeshaingia. Kuloweka kwenye mafuta ili "ife" nako siyo uhakika, fataki nyingi zinanusurika.

Ikigoma kuwaka: mdomo wa mtutu ubaki upande salama, hesabu sekunde 30 bila haraka, ndipo ufungue uso ukiwa pembeni.

DALILI YA 6: Imelia "pff", moshi mwingi, teke hakuna

Usipige ya pili hata kama kiboko anakuja, tafuta mti. Kikombe cha plastiki kinaweza kuwa kimebaki ndani ya mtutu na risasi inayofuata itaupasua. Fungua, toa zote, chungulia kutokea nyuma uone mwanga upande wa pili. Tundu kwenye fataki likiambatana na hii ni matokeo tu, tafuta baruti iliyolowa, baruti pungufu au kikombe kisichobana.

Wapi unaachia fundi

Kusafisha, pamba ya masikio, kulinganisha maganda, kubadili aina ya risasi, kupima baruti kwenye mizani, hayo ni yako. Pini, springi, chemba, bawaba, chochote kinachotaka mtambo ufunguliwe ni cha fundi mwenye leseni ya silaha. Najua wapo vijana wazuri sana wa gereji, pini ya bunduki wanaichonga kwa dakika chache kama ya pikipiki, tatizo ni chuma. Kikiwa laini kinaliwa haraka, kikiwa kikavu kinavunjika na kipande kinabaki kimetokeza kwenye tundu, na kisheria yeye kushika bunduki yako ni kesi ya nyinyi wawili.

Dalili ya 3 hakuna kujadili, haipigwi tena mpaka imekaguliwa. Vivyo hivyo kama gesi imeshakugusa uso hata mara moja, mtutu una uvimbe unaouhisi ukipitisha vidole, au bunduki ni ya kampuni na hujui nani aliifungua kabla yako. Mlinzi akiambiwa na bosi "ipo poa tu endelea nayo", aandike kwenye kitabu cha zamu tarehe na kilichotokea, aambatanishe ganda.

Unapoipeleka, nenda na leseni yako, bunduki tupu ndani ya mkoba, risasi mkoba mwingine. Beba maganda yote yaliyotoboka pamoja na mazima machache ya bunduki hiyohiyo, na boksi lenye namba ya toleo, aliyejaza mwenyewe abebe na karatasi ya resipi yenye kila kitu, ganda, fataki, baruti, uzito, kikombe, marisau. Na usiisafishe siku hiyo. Fundi anataka kuyaona masizi yalipokaa kwenye uso wa mtambo, pale tundu la pini lilipo, ukishayafuta anabaki kukisia kama wewe.